Kujihami kwa Bunduki: Historia ya Usemi Mmoja kati ya Mlima Elgon na Mto Nzoia

Neno la Kiingereza “gunpoint” halina neno moja la Kiswahili linalolingana nalo. Mwalimu wa shule katika Ndalu akiliandika ubaoni na kuwataka wanafunzi walitungie sentensi, kisha waieleze kila sentensi kwa Kiswahili, yumkini atapata majibu ya namna tatu, wala hapana hata moja atakaloweza kulipiga mstari mwekundu. Mwanafunzi wa kwanza atasema kwamba mwenye duka alinyang'anywa fedha zake kwa mtutu wa bunduki. Wa pili atasema kwamba wezi walimshikia mwenye duka bunduki, wakamnyang'anya fedha zake. Wa tatu, ambaye bila shaka amezoea kusikiliza taarifa za habari, atasema kwamba majambazi waliojihami kwa bunduki walimvamia mwenye duka. Tukio ni lile lile, lakini katika sentensi ya tatu limeingia jambo la ajabu ambalo mazoea yameliondolea ajabu yake: mvamizi ndiye aliyejihami. Mwenye duka, ambaye ndiye aliyestahili kitenzi hicho, hakupewa chochote.

Makala haya yanachunguza jinsi tishio la silaha lilivyopata maneno yake ya Kiswahili katika nchi iliyo kati ya Mlima Elgon na Mto Nzoia, na hasa jinsi kitenzi kujihami kilivyofika kwenye maana hiyo. Ndalu imechaguliwa kwa sababu. Iko upande wa kaskazini wa Kaunti ya Bungoma, katika eneo la ubunge la Tongaren, karibu na mpaka wa Trans Nzoia, hata mkazi wake aweza kufanya biashara zake Kitale na kufuata mambo ya serikali Bungoma. Nchi hiyo ilikuwa ya mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu, nayo ikagawiwa wakulima wadogo wadogo katika mipango ya makazi ya wakati wa uhuru, miaka ya 1960. Lugha ya nyumbani ya wengi ni Kibukusu. Kiswahili ni lugha ya soko, ya redio, ya kituo cha polisi na ya mahakama. Na kwa kuwa habari za bunduki hupitia zaidi katika milango hiyo mitatu ya mwisho, Kiswahili cha bunduki kinachosemwa huko kimebeba kwa kiasi kikubwa mtazamo wa mtangazaji, askari na karani. Jambo hili halina budi kukumbukwa kabla ya kumlaumu msemaji wa kawaida.

Kwanza sarufi yenyewe. Neno la Kiingereza lataja mahali tu: laeleza kwamba mdomo wa silaha umeelekea upande wa mtu, wala halisemi ni nani aliyeishika. Kirai kwa mtutu wa bunduki chafanana nalo sana, maana kwa hapa ni ile kwa ya chombo, kama katika kwa kisu au kwa nguvu, na huweza kuambatana na kauli ya kutendwa bila ya kumtaja mtenda: alinyang'anywa, alitekwa, alilazimishwa. Namna ya pili ni tofauti kabisa. Katika walimshikia bunduki, kitenzi kimoja kinawabeba wote wawili, mwenye silaha na anayetishwa. Kiambishi cha kauli ya kutendea ndicho kinachofanya kazi hiyo, nacho hakibagui wema na ubaya. Mtu humshikia mama yake mzigo, na mtu humshikia mama wa watu bunduki. Umbo ni moja. Hata msemaji akigeuza kauli na kusema alishikiwa bunduki, mtishwaji habanduki mahali pake, yeye ndiye kiini cha habari. Hapana shaka kwamba hii ndiyo namna iliyo karibu zaidi na Kiswahili cha mazungumzo, na ndiyo ambayo aliyepatwa na mkasa huitumia anapousimulia mwenyewe.

Majina ya silaha zenyewe yamekwisha kuchunguzwa na wengi, na hapa yatosha kuyagusa. Bunduki ni neno la Kiarabu. Wako wanaolihusisha na mji wa Venice, kwa kuwa Waarabu waliuita kwa jina la sauti ile ile, na wako wanaolihusisha na jina la kokwa dogo ambalo vigololi vya kurushwa vilifanana nalo. Rai hii ya pili ina nguvu zaidi. Risasi ni jina la madini tu. Baruti nayo ilipita kwa Waarabu. Lakini mzinga haukuazimwa. Wenyeji walipoona chombo kirefu chenye tundu, kinachonguruma na kutoa mauti, waliukumbuka mzinga wa nyuki. Mtutu na kasiba yametumika yote mawili kwa ule mwanzi wa bunduki, lakini mtutu ndio ulioshinda katika lugha ya habari, na ndio uliopata daraja la siasa. Katika miaka ya 1960, Dar es Salaam ilipokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na FRELIMO walipoanza vita vya silaha Septemba 1964, fikra ya Mao kwamba dola huzaliwa na bunduki ilisomwa na kujadiliwa sana. Tangu hapo mtutu wa bunduki umekuwa karibu zaidi na madaraka kuliko na wizi. Husemwa kwamba fulani alitwaa serikali kwa mtutu wa bunduki, na kwa watu wa Bungoma mfano wa karibu ulikuwa ng'ambo ya mpaka, pale Idi Amin alipompindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971.

Bunduki zilifika katika nchi ya Elgon kabla ya dola. Misafara ya pembe za ndovu ilipitia kwa Wawanga, kwenye mji uliokuja kuitwa Mumias kwa jina la mtawala wao, na pamoja na shanga na nguo zilikuja silaha. Mwaka 1894 Uingereza iliitangaza Uganda kuwa nchi ya himaya, na tarehe 1 Julai 1895 ikatangaza himaya nyingine katika nchi za mashariki. Mumias palikuwa kituo katika njia ya kwenda Uganda. Mwakilishi wa Waingereza mahali hapo alipata habari kwamba baadhi ya bunduki zilikuwa zimeangukia mikononi mwa Wabukusu, akatuma kikosi cha askari Wasudani kwenda kuzirudisha. Kikosi kile kiliuawa. Mwaka 1895 ikafuata safari ya adhabu, ikiongozwa na C. W. Hobley, ikiwa na askari Wasudani na wasaidizi wa Kiganda na Kiwanga, nayo ikazivunja ngome za Wabukusu za Lumboka na Chetambe. Chetambe iko karibu na mji wa Webuye wa leo, na kumbukumbu yake ingali hai katika masimulizi ya nchi nzima.

Mambo mawili katika habari hii yanaihusu lugha. La kwanza ni kwamba ugomvi wenyewe ulianzia kwenye swali la nani ana haki ya kushika bunduki, si kwenye swali la nani amemtishia nani. Wabukusu walitakiwa wazitoe silaha, wakakataa. Mbele ya mtawala, kule kuwa nazo tu kulikuwa tishio tayari. La pili ni neno himaya. Neno hili na kitenzi hami ni wa mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kulinda. Kamusi hukieleza hami kwa kinga, linda, tetea. Na nchi ya himaya ni nchi iliyowekwa chini ya ulinzi. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo za utawala wa Kiingereza, mzizi huu uliokuwa na maana ya kukinga ulitumika kulitaja jambo lililofika kwa silaha. Waliohamiwa ndio waliopigwa. Haifai kusema kwamba Wabukusu wa 1895 waliisikia kejeli hiyo, maana neno himaya lilikuwa la maofisa na la vitabu. Lakini mwenye kuichunguza historia ya hami hawezi kulipita.

Kuna nyongeza ndogo. Nchi ya Wabukusu, pamoja na jimbo lote la mashariki la Uganda, ilihamishiwa himaya ya Afrika ya Mashariki mwaka 1902, ikawa sehemu ya nchi iliyoitwa Kenya. Mwezi Februari 1976 Idi Amin akaukumbuka mpaka ule wa zamani na kudai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda. Dai hilo halikufika mbali. Hata hivyo, kwa muda wa majuma kadhaa wakazi wa Bungoma na Kitale waliishi katika tishio la silaha lililotoka kwa mtu anayejulikana, lenye mwelekeo unaojulikana, na kitenzi kujihami kilipotumika kilikuwa na maana yake kamili: nchi ilikuwa ikijikinga na mwingine.

Katika utawala wa kikoloni neno lililopendwa si tishio bali ghasia na fujo. Tarehe 10 Februari 1948 wafuasi wa Dini ya Msambwa walikusanyika Malakisi, na polisi wakawafyatulia risasi. Watu 11 waliuawa. Elijah Masinde, mwanzilishi wa dini hiyo, alitiwa mbaroni baadaye mwezi huo huo, na dini ikapigwa marufuku. Maandishi ya serikali yaliliita jambo hili ghasia, yaani kosa likawekwa upande wa umati, hali bunduki zilizofyatuliwa siku ile zilikuwa za polisi. Miaka miwili baadaye, Aprili 1950, mkasa mwingine uliohusu dini hiyo ulitokea Kolloa, katika nchi ya Wapokoti, ukaua maofisa watatu wa Kizungu na Wapokoti wengi zaidi. Mwenye kutafuta katika maandishi hayo sentensi isemayo kwamba askari aliwashikia watu bunduki atapata taabu. Askari wa serikali katika lugha ya serikali hakuwa akitisha, alikuwa akituliza.

Baada ya uhuru mkazo ulihama, ukatoka kwenye tendo ukaja kwenye mtu. Kenya huru ilipata maneno ya kumtaja mshika bunduki mmoja mmoja, na maneno hayo yalikuwa hukumu kabla ya kesi. La kwanza ni shifta, neno la Kihabeshi lenye maana ya mnyang'anyi au mwasi wa porini, lililokuwa likitumika Ethiopia na Eritrea. Mwishoni mwa Desemba 1963, majuma machache tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika mkoa wa kaskazini-mashariki, ambako Wasomali wengi walitaka kujiunga na Somalia. Vita viliendelea mpaka makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Waliopigana walijiona wapigania kujitawala. Redio iliwaita mashifta. Tofauti kati ya majina hayo mawili haikuwa ya mapambo. Mwasi ana madai, na mwenye madai huweza kuitwa mezani. Shifta hana ila ng'ombe alioiba. Sheria za hali ya hatari zilibakia katika mkoa huo hadi 1991, na neno lilidumu kuliko vita vyenyewe, hata likatumika kwa mtu yeyote wa kaskazini aliyeonekana na silaha.

Ngoroko ni neno la upande wa Turkana na jirani zake, lililotumika kwa majambazi wa mifugo. Safari yake ni ya ajabu zaidi. Kikosi cha polisi kilichoundwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa kwa ajili ya kuwawinda wezi wa mifugo kilikuja kuitwa Ngoroko nacho, na mwaka 1978, baada ya kifo cha Jomo Kenyatta, ilidaiwa hadharani kwamba kikosi hicho kilikuwa kimeandaliwa kuua viongozi na kuzuia Daniel arap Moi asirithi urais. Kweli ya dai hilo si kazi ya makala haya. Lililo dhahiri ni kwamba neno la mwizi lilimhamia mkamataji wake bila ya kubadilika hata silabi moja, na wasemaji hawakuona shida.

Jambazi ni neno kongwe zaidi, lenye asili ya Kiajemi, ambako lilimtaja mtu anayehatarisha maisha yake. Katika Kiswahili cha zamani lilimtaja mtu mwovu na laghai, si lazima mwenye silaha. Leo, Kenya na Tanzania, jambazi asiye na silaha ni nadra kusikika. Ujanja umeachiwa tapeli, na jambazi amekabidhiwa bunduki.

Yafaa hapa kulitazama neno mgambo, kwa sababu linaonyesha jinsi mpaka wa nchi unavyoweza kuligawa neno. Asili yake ni tangazo la watu wote, kama isemavyo methali: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika Tanzania, baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971, mgambo likawa jeshi la wananchi linalofunzwa vijijini na makazini, na wanamgambo walikwenda vitani Kagera mwaka 1978 na 1979. Mgambo wa Tanzania ni mtu wa serikali. Katika Kenya mwanamgambo ni mtu wa kundi la silaha lililo nje ya sheria. Msomaji wa Dodoma na msomaji wa Kitale wakisoma habari moja yenye neno hilo, mmoja atamwona mlinzi na mwingine atamwona adui, wala hapana kamusi iliyokosea.

Silaha nazo hazikukoma kuongezeka. Amin alipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la Moroto liliachwa wazi, Wakaramojong wakalichukua, na bunduki za kijeshi zikaenea katika nchi za wafugaji pande zote mbili za mpaka. Uvamizi wa mifugo ambao zamani ulikuwa wa mikuki ukawa wa risasi. Katika machafuko yaliyozuka mwishoni mwa 1991 na kuendelea miaka iliyofuata, Trans Nzoia, Bungoma na miteremko ya Elgon ziliathirika vibaya. Mishale ilitumika sana, bunduki pia. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa 1998, ilikusanya ushahidi wa mambo hayo. Istilahi ya kawaida ilikuwa vita vya kikabila, istilahi ambayo kasoro yake ni ile ile ya neno la Kiingereza lililoandikwa ubaoni: haimtaji mshika silaha. Kabila zima huwekwa mahali pa mtenda, na mtu aliyetoa amri na mshale hapotei kwa bahati mbaya.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hali ya msamiati lilipoibuka kundi la Mlima Elgon. Chanzo cha ugomvi kilikuwa mpango wa makazi wa Chepyuk, ulioanza mapema katika miaka ya 1970 na kugawiwa kwa awamu, kila awamu ikiwapa baadhi ya watu ardhi na kuwaondoa wengine. Awamu ya tatu ndiyo iliyowasha moto. Kundi lililojiita Sabaot Land Defence Force, yaani Jeshi la Kuihami Ardhi ya Wasabaoti, lilianza mashambulio yake mwaka 2006. Wengi wa waliouawa walikuwa Wasabaoti wenyewe, walioshtakiwa kwamba wamepata ardhi isivyostahili au kwamba wamepeleka habari serikalini. Wengine walikatwa masikio. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria mwaka 2008 kwamba kundi hilo lilikuwa limeua watu zaidi ya 600. Maelfu waliyahama makwao, wakateremka kwenda nchi tambarare za Bungoma na Trans Nzoia.

Wakazi hawakulitumia jina la kundi lenyewe. Wengine waliwaita vijana hao Janjaweed, neno lililokuwa likisikika katika habari za Darfur tangu 2003. Uchaguzi huu wa watu wa kawaida una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Walikuwa na shifta, walikuwa na ngoroko, walikuwa na jambazi na mwanamgambo. Hawakulichukua hata moja. Walivuka nusu ya bara kwenda kutafuta neno ambalo halikuwa na kijiji wala ukoo katika Elgon. Yamkini walitaka jina lisiloweza kumrudia jirani, maana aliyewashikia bunduki usiku alikuwa aghalabu mtoto wa jirani, na kumwita jambazi kungalikuwa kumtaja.

Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi katika operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Okoa Maisha. Mwezi Mei kiongozi wa kijeshi wa kundi, Wycliffe Matakwei, aliuawa. Maelfu ya wanaume walikamatwa na kuchujwa. Mashirika ya haki za binadamu, ya Kenya na ya nje, yalitoa ushahidi wa mateso na wa watu waliochukuliwa na askari wasionekane tena. Familia zao ziliendelea kudai habari zao miaka mingi baadaye. Kwa hiyo mlima ule, katika muda wa miaka miwili, ulikuwa na jeshi lililojiita la kuhami na jeshi lililojiita la kuokoa, na mkulima wa Chepyuk au wa Kopsiro alishikiwa bunduki na yote mawili.

Hapo ndipo usemi waliojihami kwa bunduki unapopata uzito. Si kwamba ulizaliwa Elgon. Ni usemi wa vyombo vya habari vya Kenya kwa jumla, na umetumika kwa wezi wa benki wa Nairobi kama unavyotumika kwa wavamizi wa Kapsokwony. Asili yake inaeleweka. Kuchukua silaha ni kujiwekea kinga, na mtu aliyejiwekea kinga ni mtu aliyejihami; kutoka hapo maana ilisogea hatua moja tu, kujihami kukawa na maana ya kuwa na silaha. Tanzania haikusogea hivyo kwa kiasi hicho. Huko husemwa zaidi watu wenye silaha au waliokuwa na silaha, na kujihami hubakia kwa anayeshambuliwa. Umoja wa kijeshi wa NATO huitwa na watangazaji Jumuiya ya Kujihami, na mataifa yaliyowahi kupigwa mabomu nayo yangeweza kuleta pingamizi la tafsiri. Lakini angalau pale jina ni la wenyewe, na kila mwenye silaha ana haki ya kujiita apendavyo. Usemi wa waliojihami ni jambo jingine. Hakuna jambazi aliyeomba aitwe hivyo. Mwandishi wa habari humpa mvamizi, bila ya kuombwa, hoja ile ile ambayo kila kundi la silaha katika nchi hii limeitoa lenyewe: kwamba lilijilinda tu.

Yaweza kujibiwa kwamba lugha ni mazoea, na kwamba asikiaye majambazi waliojihami hafikirii ulinzi, kama vile asemaye risasi hafikirii madini. Jibu hili lina nguvu, na kwa habari za kila siku latosha. Kasoro yake ni kwamba risasi ya madini imekwisha kusahauliwa, lakini kujihami kwa maana ya kujitetea hakujasahauliwa. Maana zote mbili zinaishi pamoja kinywani mwa mtu mmoja, na kuna mahali ambapo tofauti yake hupimwa kwa maisha ya mtu.

Mahali hapo ni mahakama. Kosa ambalo Kiswahili cha Kenya hukiita wizi wa mabavu, na ambalo katika Tanzania huitwa unyang'anyi wa kutumia silaha, katika kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya lina adhabu ya kifo. Moja katika mambo yanayoufanya wizi uingie katika kifungu hicho ni mshtakiwa kuwa na silaha ya hatari. Hati ya mashtaka huandikwa kwa Kiingereza. Mshtakiwa wa Kitale au wa Kimilili husomewa na karani kwa Kiswahili, na karani aliyelelewa na lugha ya magazeti ana usemi tayari ulimini: mkiwa mmejihami kwa silaha hatari. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki katika kesi ya Adan ya mwaka 1973, mahakama za Kenya zinatakiwa kumsomea mshtakiwa shtaka katika lugha anayoielewa, na anapokiri, maneno yake yaandikwe kwa kadiri iwezekanavyo kama alivyoyasema. Katiba ya 2010 imempa haki ya kupata mkalimani bila ya malipo.

Basi mtu wa Ndalu ambaye alitoka usiku na panga, kwa kuwa wiki iliyopita ng'ombe wa jirani waliibwa, na akakamatwa pamoja na wengine karibu na duka lililovunjwa, huulizwa kama ni kweli kwamba alikuwa amejihami. Anajibu kwamba ndiyo, alikuwa amejihami. Karani ana sekunde chache za kuamua ni neno gani la Kiingereza ataliandika katika jalada: lile la mtu mwenye silaha, au lile la mtu aliyekuwa akijikinga. Mkiwa na silaha lingalimwondolea shida hiyo, na ni maneno mafupi zaidi.